Chumba Kisicho na Punje

Mtanisamehe kwa mwandiko huu na kwa maneno niliyoyaandika vibaya. Shule yangu iliishia msingi, na mkono wangu unakwenda polepole: neno naliandika, nalitazama, nalifuta, nalirudia. Mwimbaji mmoja wa kanisa letu hapa Swima, kijiji chetu cha kando ya ziwa, amenisaidia kusoma tena, naye anasema makosa mengine nimeyazoea kiasi kwamba nikiyaondoa sitakuwa mimi. Kusema mbele za watu siwezi. Hata kwaya niliiacha kwa ajili ya aibu. Lakini kuna mtu nataka mumjue, na nina sababu, na sababu hiyo nitaifikia.

Jina lake sitaliandika, angekasirika. Kazini aliitwa statistisie, yaani mtu anayeangalia matokeo ya dawa kwa wagonjwa wengi na kusema kama dawa inasaidia kweli au ni bahati tu. Sisi tulimwita Papa Statistiki. Vijana wa pikipiki wa Baraka, mji wa karibu nasi, walimwita Papa Pengine, kwa sababu hakuna aliyewahi kumsikia akisema ndiyo moja kwa moja. Ukimwuliza kama mvua itanyesha, alitazama milima, akatazama ziwa, akasema yeye angeweka punje nyingi upande wa mvua. Siku moja kijana mmoja wa pikipiki alimwuliza mbele ya wenzake kama basi ana uhakika yeye ni mwanaume. Wote walicheka, naye akacheka. Akajibu kwamba hapo punje zake karibu zote ziko fasi moja, upande wa mwanaume, ila aliyejua vizuri zaidi alikuwa mke wake, naye amekwisha kufariki. Wakaacha kucheka, na yule kijana alimbeba bure mpaka kwetu.

Alikuwa mrefu na ameinama kidogo, kama mtu aliyezoea milango mifupi. Mguu mmoja wa miwani yake ulifungwa kwa uzi wa nyavu. Mfuko wa shati lake ulikuwa umevimba daima, na ndani mlikuwa maharagi makavu. Watoto walidhani anayatafuna.

Maharagi hayo yalikuwa kazi yake. Kabla dawa haijajaribiwa alipita na sinia ya bati aliyoichora kwa chaki vyumba vitano, kutoka mwisho mmoja hadi mwingine: inaumiza sana, inaumiza kidogo, haifanyi kitu, inasaidia kidogo, inasaidia sana. Alikupa konzi ya maharagi akakuomba uyagawe vyumbani kadiri unavyoamini. Alifanya hivyo kwa madaktari wa Baraka, kwa wauguzi wa Fizi, kwa wachungaji, kwa wamama wenye watoto. Alisema mtu akikwisha kuona matokeo anajidanganya kwamba alijua tangu mwanzo, kwa hiyo aseme kabla ya kuona. Pia alisema kile watu walichoamini si cha kutupa. Ukichukua unachoamini leo, ukakichanganya na utakachokiona kesho, utapata unachopaswa kuamini kesho kutwa, na huko nako usikae, maana kuna siku nyingine inayofuata.

Sheria yake ilikuwa moja. Usiache chumba bila punje. Chumba usichokiwekea hata punje moja, mlango wake umeufunga kwa nje. Habari zikija za kweli kutoka chumba hicho, zitabisha hodi mpaka zichoke, na wewe uliye nje utasema unasikia upepo.

Alikuwa na tabia hiyo hata na sufuria. Baadaye, alipokaa kwetu, hakuruhusu mfuniko ufunuliwe kabla kila mtu hajasema kama ndani ni sombe, yaani majani ya muhogo, au ndagala, wale dagaa wa ziwa. Mpira ulipotangazwa redioni aliizima kabla ya matokeo, akatuzungukia mmoja mmoja. Jirani yetu, mvuvi mwenye hasira za karibu, alimwambia kwamba redio ni yake na matokeo yanampita bure. Papa Statistiki alimwomba radhi, kisha akamwuliza tena angeweka punje wapi.

Sasa niwaeleze habari ya Mama, maana bila Mama, huyu mtu hawezi kueleweka.

Mama anauza ndagala zilizokaushwa. Baba yetu alikuwa amekwisha kufa, na mtoto wake wa mwisho alikuwa Wilondja, mdogo wangu, mwenye meno ya mbele yaliyoachana. Papa Statistiki alipofika Swima mara ya kwanza na sinia yake, aliingia pia kwetu. Mama alimtandikia mkeka mpya na kumpa kiti chenye mgongo. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango wa jiko, kwa kuwa mgeni akija ndipo mahali pangu. Alieleza kwamba kuna dawa mpya ya maji ya watoto wenye malaria kali. Wengine wangepewa dawa ya kawaida pamoja na hii mpya, wengine dawa ya kawaida pamoja na maji ya sukari, na chupa zingefanana, hata muuguzi asijue ipi ni ipi. Kabla ya yote, alitaka kujua Mama anaamini nini.

Mama alichukua konzi yake ya maharagi, akayaweka yote katika chumba cha inasaidia sana. Akayasawazisha kwa kiganja, vizuri, kama anayetandika kitanda.

Hapa kwetu mgeni akiweka mbele yako kitu alichokuja nacho, husemi ni kibaya. Hata samaki yenye chumvi kali utaisifu, utakunywa maji baadaye. Mama hakuwa anasema anachoamini. Alikuwa anamkaribisha.

Nilimwona Papa Statistiki akiitazama sinia. Alifungua kinywa, akatazama mkeka mpya, akakifunga. Akasema aksanti, Mama. Akakusanya maharagi yake akaenda nyumba ya pili.

Wilondja aliugua wakati wa mvua. Mama alimpeleka kituo cha afya cha hapa, akakubali chupa. Siku ya kwanza homa ilishuka, mtoto akaomba bugali. Siku iliyofuata mikono yake ilianza kutetemeka, kidogo, kama mtu anayeshika kamba ya nyavu yenye uzito. Mama alikuwa ameketi kando ya kitanda. Chumba cha pili alikuwamo muuguzi wetu, ambaye wote tunamwita Dokta, anafunga kidonda cha mtu. Mama hakumwita. Alimwambia mama wa kitanda cha jirani kwamba ndivyo dawa inavyofanya kazi, inapigana na malaria ndani. Alimshika Wilondja mikono ili isichoke. Dokta alipopita kwa zamu yake alikuta mtoto ameanza kuondoka, na hakuwahi kumwokoa.

Baadaye, kazi ilipokwisha, wazazi waliotaka walielezwa chupa ya mtoto wao ilikuwa ipi. Mama aliuliza. Wilondja alikuwa amepewa dawa mpya.

Basi matokeo yalikuja hivi. Ukichukua watoto wote, wa Baraka, wa Fizi, wa vijiji vya milimani na wa kwetu, dawa mpya ilisaidia. Lakini ukitazama Swima peke yake, ambako watoto walikuwa wachache sana, waliokufa wakiwa na dawa mpya walikuwa wengi kuliko waliokufa bila hiyo. Habari hiyo ilishuka kutoka Baraka kabla ya karatasi yoyote. Wavuvi walisema dawa inachagua. Wengine walisema imetengenezwa kwa damu ya watu wa mbali na sisi wa ziwa inatumaliza. Na wengine walisema mambo ambayo nimeyasikia tangu utoto, kwamba fulani na fulani ndio walioileta.

Wakaitisha mkutano katika darasa la shule ya msingi. Daktari mmoja kutoka Baraka alisema Swima ni wachache, wasihesabiwe peke yao, dawa ni nzuri, mambo yamekwisha. Mwingine alisema hapana, Swima wasipewe dawa hiyo kabisa. Kisha akasimama Papa Statistiki, na wote wawili hawakufurahi.

Alizungumza na wauza ndagala, maana walikuwa wamejaa madawati ya mbele. Aliwaambia wafikirie asubuhi mitumbwi inaporudi, yote imevua maji yaleyale. Mtumbwi wa kwanza unakujazia beseni, samaki nzuri. Wa pili beseni, nzuri. Wa tatu vilevile. Wa nne una kikombe tu cha ndagala, na ndani ya kikombe hicho chache zinanuka. Je, utasema mtumbwi ule umeoza? Kikombe kinaweza kukudanganya kwa bahati tu. Lakini utasema pia pua yako haikunusa kitu? Kama lingekuwa beseni zima linanuka, pua ishinde. Kwa kuwa ni kikombe, pua isikilizwe, lakini iulize na mitumbwi mingine. Swima ni kikombe, alisema. Wachache wanaazima akili kwa majirani zao, na wakiongezeka wanaazima kidogo zaidi na kidogo zaidi, mpaka wajitegemee. Swima si kisiwa, na Swima si Baraka. Alipochanganya yote, aliamini dawa inasaidia hata kwetu, ingawa si kwa nguvu ile ya Baraka. Na alikuwa amebakiza punje moja upande wa kuumiza, kwa kuwa sisi wenyewe tulikuwa tumeileta.

Mtu mmoja alimtaka aseme basi matokeo kabila kwa kabila, watu wajue. Hiyo ndiyo mara ya kwanza nilimsikia akisema hapana bila pengine. Alisema angekata kwa kabila, halafu kwa ukoo, halafu kwa wenye viatu na wasio na viatu, na kama utakata watu vipande vidogo vya kutosha, utapata kipande ambacho dawa inaua, na utapata pia kipande ambacho maji ya ziwa yanaponya. Kisu hakichoki, alisema. Kukata watu vipande hapa kwetu ni kazi rahisi sana, na yeye hataifanya mpaka aonyeshwe sababu iliyosemwa kabla ya kuona.

Ndipo Mama akasimama nyuma, na kitambaa chake cha msiba kichwani. Sauti yake haikuwa kubwa.

"Papa, ile punje moja umebakisha upande ya kuumiza. Iyo punje njo mutoto ya nani?"

Papa Statistiki alivua miwani. Aliifuta kwa ncha ya shati, akaivaa, akaivua tena. Mkutano ulipovunjika na watu kutoka, alibaki ameketi kwenye dawati la mtoto, magoti yamefika kifuani.

Tulidhani hatutamwona tena. Lakini mvua zilipokwisha alirudi na godoro lake nyuma ya pikipiki, akamwuliza Mama kama chumba kile cha upande wa mpapai kinapangishwa. Alikuwa na nyumba nzuri Baraka, karibu na kazi. Watu walisema amekuja kuomba msamaha. Wengine walisema ametumwa kupeleleza. Mwenyewe alisema amekuja kwa ajili ya hewa ya ziwa, na huo ulikuwa uongo, kwa sababu ziwa alikuwa akiliogopa kuliko mbuzi aogopavyo maji. Hakuoga humo hata siku moja. Hakupanda mtumbwi hata ule uliofungwa kwenye mti. Asubuhi alisimama mbali, akitazama wamama wakipokea samaki, na wimbi likikimbia kuelekea kwake alirudi nyuma kwa adabu, kama anayempisha mtu mkubwa njiani.

Mama alimkubali. Mpaka leo sijui kwa nini. Nilimwuliza mara moja, akasema nyumba isiyo na mwanaume inavuja. Papa Statistiki hakujua kushika nyundo.

Akakaa kwetu miaka. Kwa muda mrefu sikumsemesha. Niliweka chakula mlangoni pake, nikagonga, nikakimbia, naye alisema kwa sauti ndani, ili nisikie, kwamba angeweka punje nyingi kuwa aliyegonga ni binti wa nyumba hii, lakini anaiachia punje moja paka. Hivyo ndivyo nilivyoanza kucheka naye, nikiwa nyuma ya ukuta. Baadaye alinipa kalamu za risasi. Alisema mwandiko wangu unaonyesha mtu anayefikiri kabla ya kila herufi, na kwamba yeye anaandika haraka na hujuta.

Alikuwa na mambo yasiyokubaliana. Siku za wiki hakukuwa na neno lolote aliloliamini bila kubakiza, lakini Jumapili aliomba kwa sauti kubwa na ya hakika kuliko wazee wote wa kanisa. Mchungaji alimtania akimwuliza huko anaweka punje ngapi. Alijibu, "Kanisani siingie na sinia." Na yeye aliyetumia maisha yake kutenganisha bahati na kweli alikataa kukaa kwenye kiti ambacho Wilondja alipenda kupanda. Hakuna aliyemwambia kwamba ni hicho. Labda aliona jinsi sisi tulivyokizunguka.

Alikuwa pia na kofia. Alipokwenda Uvira kwa pikipiki, ikifika Makobola, palipouawa watu wengi wakati wa vita, aliivua, na hakuivaa mpaka vijiji vile viishe. Nilipanda naye siku moja nikaona. Dereva naye alipunguza mwendo bila kuambiwa. Sikuuliza, kwa sababu huku kwetu watu wengi wana mahali pa kuvulia kofia. Alipoivaa tena alisema kitu kimoja tu, kwamba waliokufa wakihesabiwa pamoja wanakuwa hesabu, na wakihesabiwa mmoja mmoja mtu hawezi kumaliza, na yeye bado hajajua hesabu ya katikati.

Nadhani hiyo ndiyo iliyomtafuna. Nilimkuta mara nyingi ameketi mbele ya chumba chake na sinia mapajani, maharagi yamepangwa, na kidole chake kiko juu ya punje moja katika chumba cha inaumiza sana. Hakuisogeza. Aliishika tu, kama unavyomshika mtoto kichwani njia ikiwa na pikipiki. Mama akipita na beseni alimwona. Alipita.

Siku moja, tukichambua mchele, alinieleza kile nilichokuwa nimekiona mwenyewe kutoka nyuma ya mlango. Alisema siku ile ya kwanza aliona Mama amejaza chumba kimoja na kuacha vingine vitupu. Kila nyumba nyingine alikuwa amewaambia watu warudishe punje moja nyuma. Kwetu hakusema. Mkeka ulikuwa mpya. Aliona haya kumsahihisha mama aliyemtandikia mkeka mpya. "Yeye alininyamazia kwa heshima," alisema, "na mimi nikamunyamazia kwa heshima. Na mutoto alikuwa katikati yetu." Hakusema kama jambo lingebadilika. Alisema tu kwamba mtu aliyebakiza punje upande wa kuumiza, akiona mikono inatetemeka, anaita.

Kwa Mama hakuwahi kusema hayo. Na Mama kwa upande wake alikuwa amehamisha maharagi yake yote. Siku hizo dawa ile ilikuwa imekwisha kuingia katika vituo vyote, na watoto wa jirani waliinywa wakapona, Mama akiwaona kwa macho yake. Alisema hao wangepona hata kwa maji. Mtoto akifa popote, kwa ugonjwa wowote, alisema mmeona. Chumba kimoja kilikuwa kimejaa, na vingine vyote vilikuwa vitupu, kama zamani, ila upande wa pili.

Kisha macho ya Papa Statistiki yakaanza kufunga. Karatasi alizisogeza karibu na pua, halafu akaacha kuzisogeza. Binti yake alikuja kumchukua wakakae Baraka. Godoro lilirudi kwenye pikipiki. Sinia aliiacha kwetu, akisema hataiona tena, na Mama akaitumia kuanikia pilipili.

Mara ya mwisho nilipomwona ni kwa ajili ya mtoto wa dada yangu. Dada alikuwa Bukavu na mume wake, mtoto alikuwa kwetu, akashikwa na malaria iliyompanda kichwani. Mama alimpeleka kituoni, lakini Dokta alipotoa chupa ya dawa ile, Mama alimfunga mtoto mgongoni akarudi naye nyumbani. Dokta alimfuata mpaka kwenye mkeka wetu akimsihi. Alisema dawa ya kawaida peke yake kwa mtoto huyu ni kidogo. Mama aliendelea kumkanda mtoto kwa kitambaa cha maji.

Mimi ambaye naona haya kuomba chumvi kwa jirani nilisimama barabarani nikasimamisha pikipiki, nikaenda Baraka, nikabisha kwa binti yake. Nilisema maneno machache, nayo yalinitoka vibaya. Papa Statistiki aliomba viatu vyake.

Alishuka kwetu akishika bega la dereva. Mama alimtazama akipapasa njia.

"Umekuja na ile sinia yako?" aliuliza.

"Iko hapa kwako, Mama. Na macho njo haiko tena."

Mama alinyanyuka kwa hasira, akamwaga pilipili, akachukua konzi ya maharagi jikoni. Chaki ilikuwa imefutika zamani lakini wote tulijua vyumba. Akayatupa yote upande wa kuumiza, akaisukuma sinia mbele ya magoti ya mgeni. Papa Statistiki alipeleka vidole vyake. Aliligusa rundo. Halafu vidole vikatembea kwenye bati tupu, polepole, kutoka chumba hadi chumba, mpaka ukingoni, vikarudi. Tulisikia kucha zake kwenye bati na pumzi ya mtoto.

"Hii vyumba iko butupu," alisema.

"Iko butupu."

"Siku ile ya kwanza pia ilikuwa butupu, Mama. Upande ya huku, ya kuumiza. Niliona. Nikaona haya, nikanyamaza juu ya mukeka yako mupya."

Mama aliokota tena kitambaa cha mtoto. Kilikuwa kinamdondokea maji mkononi.

"Na mi nilikuwa naogopa kukupatisha haya," alisema. "Sikukuwa najua dawa. Nilikuwa nakupokea wewe."

Papa Statistiki hakumwambia ampe mtoto dawa. Nilingoja aseme, Dokta alingoja aseme. Alikaa tu, vidole vyake vikiwa kwenye bati. Mama aliangalia vidole vile. Kisha akainama, akachota punje kutoka rundo, si nyingi, akazipeleka kule ng'ambo, akaziweka chini ya vidole vyake, moja baada ya nyingine, ili azisikie. Zilizobaki akaziacha palepale zilipokuwa. Akamfunga mtoto mgongoni na kurudi kituoni.

Mtoto alipewa dawa. Homa ilishuka, akaomba kula. Siku iliyofuata mikono yake ilianza kutetemeka.

Mama aliita. Aliita kwa namna ambayo watu walitoka sokoni. Dokta alikuja mbio, akampima, akasema sukari ya mtoto imeshuka, akamtundikia maji yenye sukari. Mikono ilitulia. Kama kutetemeka kulitoka kwa dawa au kwa malaria yenyewe, Dokta alisema hajui. Mtoto sasa anapanda kile kiti.

Papa Statistiki alikuwa bado kwetu, chini ya ukuta wa chumba chake cha zamani. Nilimpelekea habari. Alilia, halafu akasema mtoto mmoja haelezi kitu juu ya dawa. Mama alikuwa nyuma yangu. Akamwambia wasizungumze dawa. Papa Statistiki akauliza, kwa woga, kwamba na habari ya Wilondja je, sasa angeweka punje zake wapi.

"Wilondja simuwekee punje," Mama alisema. "Yeye alikuwa mutoto."

Papa Statistiki alitikisa kichwa kukubali, akaendelea kukitikisa mpaka pikipiki ilipokuja.

Sasa sababu yangu. Baada ya hapo binti yake alipata habari za daktari wa macho ng'ambo, Kigoma. Papa Statistiki aliyeyapisha mawimbi alipanda boti pale Baraka. Wanasema alishika ukingo kwa mikono miwili na kuwauliza abiria, mmoja mmoja, kama wanaamini itafika. Boti ilifika. Wengine wanasema walimwona akishuka, wengine wanasema aliyeshuka alikuwa mzee mwingine. Simu yake haiiti. Binti yake alivuka kumtafuta akarudi peke yake.

Mama ameisugua ile sinia. Ameichora kwa chaki vyumba viwili tu: yuko, hayuko. Mtu akija na habari kutoka ng'ambo, anamkalisha, anamsikiliza mpaka mwisho, halafu anasogeza punje. Juma hili nyingi ziko upande mbaya. Lakini hakuna chumba kitupu, na mtoto wa dada amekatazwa kuchezea hapo.

Ninyi mnaosoma, pengine mko Kigoma, au Uvira, au kambini kwa wakimbizi, au mbali zaidi. Kama mmekutana na mzee mrefu asiyeona, mwenye maharagi mfukoni, anayekataa kusema ndiyo, niandikieni. Mpeni barua yeyote anayekuja Swima, mwambieni ni nyumba ya muuza ndagala, yenye mpapai. Mwandiko mbaya si neno, wangu mmeuona. Na kama habari yenu ni ya chumba kile kingine, niandikieni vilevile. Tutafungua.